UZI: Bajeti ya Mombasa huamuliwa Februari, sisi twaamka Juni

HesabuZaKisiwani (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum wanajamvi.

Kila Juni ikikaribia kwisha, magrupu yetu ya WhatsApp hujaa lalama za aina moja. Bajeti ya kaunti imesomwa, mabilioni yametajwa, na watu wa Mtongwe, Junda, Chaani na Ziwa la Ng'ombe wanaulizana mbona mtaa wao haumo. Anasakamwa diwani, diwani anaahidi kufuatilia, Julai inaingia na mada inakufa mpaka Juni nyingine.

Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Siku bajeti inaposomwa, nafasi ya kuigeuza imebaki asilimia 1. Hiyo asilimia si msemo, imo kwenye kanuni na nitaieleza hapa chini. Wenye kulia Juni wamekuja wakati mlango umeshafungwa, na hakuna aliyewaambia ulikuwa wazi lini.

Nianze na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali ni 1 Julai hadi 30 Juni. Sheria inayotawala haya yote ni ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na ni ile ile kwa kaunti zote 47.

Kazi huanza Agosti, miezi kumi kabla ya bajeti kusomwa. Kufikia tarehe 30 Agosti waziri wa fedha wa kaunti huwa ametuma waraka kwa idara zote: ratiba ni hii, fomu ni hizi, na wananchi watashirikishwa hivi. Tarehe 1 Septemba bunge la kaunti linatakiwa liwe limepokea mpango wa maendeleo wa mwaka, ule ambao maafisini huitwa ADP. Huo ndio orodha ya kwanza ya miradi, na unatakiwa utoke ndani ya ule mpango mkubwa wa miaka mitano, CIDP. Wa sasa wetu ni wa 2023 hadi 2027. Sheria ya Serikali za Kaunti inasema wazi kuwa pesa za umma zisitengwe nje ya mpango. Kwa hivyo mradi ambao hauko kwenye ADP ukija kujitokeza Juni, uliza umetoka wapi. Na mradi wako ambao hukuusema Septemba, Juni utauombea kwa nani?

Septemba hiyo hiyo, kufikia tarehe 30, hutoka mapitio ya mwaka uliopita: tulitarajia kukusanya nini, tukapata nini, tukatumia nini. Ni waraka mkavu, wengi hawaugusi. Mimi ndio ninaoanza nao, kwa sababu unaonyesha ahadi za mwaka jana ziliishia wapi.

Kisha kuna Februari, na hapa ndipo naomba tutulie.

Kufikia tarehe 28 Februari, taarifa ya sera ya fedha ya kaunti hupelekwa bungeni. Maafisini huitwa CFSP. Watu husikia jina wakadhani ni nadharia za uchumi: mfumuko wa bei, bei ya mafuta duniani, mambo ya Nairobi. Kweli kurasa za mwanzo ni hizo. Lakini nyuma kuna jedwali la viwango vya juu kwa kila idara: afya isipite hapa, barabara na mitaro isipite hapa, maji hapa, elimu ya chekechea hapa. Jedwali hilo likishapitishwa, keki imeshakatwa. Kinachobaki Aprili na Juni ni kupanga kila idara itafanya nini ndani ya kipande chake.

Bunge lina siku 14 tu za kuijadili taarifa hiyo. Sheria yataka waziri wa fedha awe amesikiliza maoni ya umma anapoiandaa, na yataka ichapishwe ndani ya siku 7 baada ya kupelekwa bungeni. Mwenye kulala wiki mbili hizo amelala mwaka mzima.

Makadirio yenyewe hufika bungeni kufikia 30 Aprili, kamati ya bajeti inayapitia na kuchukua maoni, na yatakiwa yawe yamepitishwa kufikia 30 Juni. Sasa ile asilimia 1. Kanuni za 2015 zinasema bunge likibadilisha makadirio, ongezeko au punguzo katika fungu la idara lisizidi asilimia 1 ya kiwango chake. Na diwani akitaka kuongeza mahali, aonyeshe anapunguza wapi. Ukimwendea Juni umwambie "tutilie barabara", hata awe mwema vipi, mikono yake imefungwa na jedwali alilopitisha mwenyewe Machi.

Karibuni kwa maswali.

---

DadaTimbwani

Kaka, ahsante kwa darasa. Lakini mimi nitasema ukweli wangu. Hii mikutano ya maoni mimi huenda. Likoni twaenda, twakaa, twapewa maiki, twasema. Kila mwaka tumesema habari ya feri, msongamano, akina mama wajawazito kukwama kwenye foleni ya kuvuka. Yaandikwa. Hakuna kitu. Sasa nikienda Februari badala ya Juni kitabadilika nini?

---

HesabuZaKisiwani

Dadangu, uchungu wako ni wa haki na swali lako ni la msingi. Feri haiko mikononi mwa kaunti. Ni huduma ya serikali kuu, na sasa iko chini ya Mamlaka ya Bandari. Bandari yenyewe vivyo hivyo, barabara kuu vivyo hivyo, na barabara ya Dongo Kundu pia. Shule za msingi na za upili, polisi, vitambulisho, vyote ni serikali kuu.

Ya kaunti yako kwenye Jedwali la Nne la Katiba: zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi, masoko, taka, barabara za mitaani, mitaro, taa za barabarani, maji na maji taka, zimamoto, makaburi, leseni za biashara, maegesho.

Mkisema feri kwenye mkutano wa bajeti ya kaunti, karani ataandika, kwa sababu kazi yake ni kuandika. Kisha ripoti ikifika mezani, afisa wa mipango anapitisha kalamu: "si jukumu letu". Muda wenu umekwenda. Lakini mkisema kituo cha afya Likoni kiwe na chumba cha kujifungulia kinachofanya kazi usiku, chenye taa na muuguzi wa zamu, ili mama asilazimike kuvuka kwenda hospitali kuu ya Makadara saa nane za usiku, hilo ni la kaunti tupu. Shida ni ile ile ya mama kukwama kwenye foleni, ila mmeipeleka kwa mwenye funguo.

Nami naona lawama kubwa ni ya wanaoendesha mikutano. Ingefaa kabla ya maiki kutolewa, mtu asimame dakika tano aseme: haya ndiyo tunayoweza kutoa, hiki ndicho kiwango cha kila idara, semeni. Kumwacha mama aseme feri huku unajua huna feri si kumheshimu.

---

MzeeWaMakadara

Wanangu, salaam. Nimesoma nikakumbuka enzi za manispaa. Vijana wengi hapa hawajui kwamba zamani bajeti ya mji huu ilipitishwa na madiwani, kisha ikabidi iende Nairobi kwa waziri wa serikali za mitaa aidhinishe. Meya alikuwa na mkufu, lakini kalamu ya mwisho ilikuwa ya waziri.

Kulikuwa na hazina ya LATF, iliyoundwa kwa sheria ya 1998, asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi ikigawiwa mabaraza ya miji na wilaya. Ili kupata pesa zile baraza lilitakiwa lionyeshe kuwa wakaazi wamekaa wakachagua miradi, ule mpango wa LASDAP. Tukiitwa kwenye ukumbi wa wadi, tukichagua: choo cha soko, darasa, mtaro. Pesa zilikuwa chache, lakini mradi ulikuwa mmoja au miwili kwa wadi na kila mtu akiujua kwa jina.

Leo pesa ni nyingi mara nyingi zaidi, na vitabu vya bajeti ni vinene mpaka havibebeki. Mimi nauliza, je, twaweza kuona wadi yetu ndani ya kitabu hicho? Maana mimi nilijaribu, nikakuta "kuboresha mifumo ya usafi wa mazingira". Hapo Makadara iko wapi?

---

HesabuZaKisiwani

Shikamoo mzee wangu. Umegonga penyewe.

Bajeti ya siku hizi huandikwa kwa programu. Badala ya kusema "lori tatu za taka", kitabu kinasema programu ya usimamizi wa taka, lengo lake, kipimo chake, na pesa za mwaka huu pamoja na makisio ya miaka miwili inayofuata. Wazo ni zuri, uweze kuuliza matokeo badala ya kuhesabu vifaa. Ubaya wake ni huo ulioukuta, kwamba mtaa unapotea ndani ya maneno.

Kwa hivyo usisome kitabu cha programu peke yake. Tafuta kiambatisho cha miradi ya maendeleo, kile chenye safu ya wadi au eneo. Kikiwa hakipo, hilo lenyewe ni la kupeleka kwa kamati ya bajeti kwa maandishi. Kaunti ina kaunti ndogo 6 na wadi 30. Mkaazi ana haki ya kufungua ukurasa akaona wadi yake na kiasi kilichotengwa.

Na ukikipata, angalia kipimo. Programu inasema "asilimia ya wakaazi wanaopata huduma" lakini haisemi mwaka jana ilikuwa ngapi? Hicho hakipimi kitu.

---

NondoNaSaruji

Mimi ni mkandarasi mdogo, kazi za mitaro na kabro. Niwape upande ambao hausemwi. Kuna kaunti moja hapa Pwani, sitaitaja, nilifanya kazi yao nikamaliza, mhandisi akaja akapima, cheti nikapewa. Malipo yakakaa. Bajeti ya mwaka ule ilikuwa imepitishwa na mradi wangu umo ndani, kwa herufi. Nilidhani kuwa ndani ya bajeti ni sawa na pesa kuwepo. Nimeuza gari la kazi kulipa vijana wangu. Sasa nieleze, bwana Hesabu, mradi wawezaje kuwa kwenye bajeti na pesa zisiwepo?

---

HesabuZaKisiwani

Pole sana ndugu yangu. Hili naomba kila mtu alisome, kwa sababu hapa ndipo bajeti nyingi za kaunti hufia.

Bajeti ina pande mbili, na sisi huangalia moja. Upande wa matumizi wapendeza: zahanati, taa, barabara. Upande wa mapato ndio unaoamua kama hayo mengine ni kweli.

Mapato ya kaunti hutoka sehemu tatu kubwa. Kwanza mgao sawa kutoka serikali kuu. Katiba yasema kaunti zote kwa jumla zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa. Mwaka wa fedha 2021/22 jumla ilikuwa bilioni 370, na Mombasa ikapata kama bilioni 7.5. Pili ruzuku zenye masharti na za wafadhili. Tatu mapato yetu ya ndani: kodi ya ardhi, leseni, maegesho, ada za soko, matangazo ya biashara, na pesa za hospitali, ambazo tangu sheria ya 2023 hospitali zinatakiwa zibaki nazo na kuzitumia zenyewe. Mombasa ni miongoni mwa kaunti zinazokusanya zaidi nchini, na ni jambo la kujivunia. Lakini ndio maana pia kishawishi ni kikubwa kwetu. Aliye na mapato madogo ya ndani hawezi kuyakuza sana kwenye karatasi. Sisi twaweza.

Chukua mfano, nasisitiza ni mfano. Kaunti imeandika itakusanya bilioni 5, mwisho wa mwaka ikapata bilioni 4. Ile bilioni 1 ilikuwa imeshagawiwa miradi. Nani atakosa? Mishahara haisubiri. Umeme wa hospitali hausubiri. Kinachosubiri ni mtaro wako na mkandarasi aliyeuchimba. Mradi ulikuwa kwenye bajeti kweli, lakini uliegemea pesa ambayo haikuja. Kisha deni lako linabebwa mwaka unaofuata, linakula nafasi ya miradi mipya, ambayo nayo imewekwa juu ya makisio yaliyovimba. Ndivyo madeni ya kaunti yanavyorundikana.

Wakati mwingine pigo hutoka juu. Mwaka 2024 kaunti zilikuwa zimepanga bajeti kwa hesabu ya bilioni 400 za mgao. Mswada wa Fedha wa taifa, ule wa kodi, ukaondolewa Juni baada ya maandamano, na mgao wa kaunti zote ukashushwa hadi bilioni 387.4, sheria ikakamilika Desemba, nusu ya mwaka wa fedha imekwisha. Hapo kaunti haina kosa. Lakini kukuza mapato ya ndani kila mwaka huku mapitio ya Septemba yanaonyesha hayakufikiwa, hilo ni la kujitakia.

Kwa hivyo swali la kwanza kwenye mkutano wa Februari lisiwe "mtaa wangu umepewa nini". Liwe "mwaka jana mlikisia kukusanya ngapi, mkakusanya ngapi, na kwa nini mwaka huu mmeongeza?" Swali hilo moja lamlinda NondoNaSaruji na lamlinda mama wa zahanati.

---

MuuzaNyanyaKongowea

Mimi ni wa soko la Kongowea. Maneno yenu mazuri, lakini sisi wa soko bajeti twaijua kwa risiti. Twaamka siku moja ada imepanda. Hiyo hupitishwa lini? Mbona hatuiskii Juni?

---

HesabuZaKisiwani

Mama, hiyo ni Mswada wa Fedha wa kaunti, na ni kitu tofauti na bajeti. Bajeti hupanga matumizi, Mswada wa Fedha hupanga tozo. Sheria yaruhusu upitishwe hadi siku 90 baada ya bunge kupitisha mswada wa matumizi. Kwa hivyo watu wakishapoa na habari za Juni, unajadiliwa Agosti au Septemba, na wenye soko hawana habari.

Una mikutano yake ya maoni, na ndiyo ya kwenda kwa wingi, mkiwa na risiti zenu mkononi na hesabu ya siku moja ya biashara: gunia limenunuliwa kwa kiasi gani, ada kiasi gani, faida kiasi gani. Na msidhani maoni ni hisani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2013 ya Kaunti ya Kiambu yote kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Kaunti zote ziliisikia hukumu ile.

---

KijanaWaJunda

Niongeze nililoliona kwa macho. Kulikuwa na mkutano wa ADP huku kwetu Kisauni, ukumbini, viti vya plastiki, karatasi ya kusaini mlangoni. Watu walipewa maiki mmoja mmoja. "Twataka barabara." "Twataka maji." "Vijana wapewe kazi." Karani anaandika mstari mmoja mmoja.

Akasimama mama mmoja muuza viazi karai. Alikuwa na daftari la shule. Akasema: maji ya mvua yanaanzia nyuma ya msikiti, yanapita mbele ya chekechea, yanaingia nyumba hizi, akazisoma, mpaka mikokoni. Nimepima kwa hatua, ni mia nne na kitu. Zamani kulikuwa na mtaro, umezibwa na mchanga na ujenzi hapa na hapa. Chekechea hufungwa kila masika. Akatoa picha kwenye simu. Yule afisa aliyekuwa ameegemea ukuta akasogea, akaomba daftari, akachora. Akamuuliza mama upana, mama akanyoosha mikono kuonyesha.

Mtaro ule uliingia kwenye ADP, nimeuona kwa jina la mtaa. Haujajengwa. Sasa nimesoma uzi huu ndio naelewa. Februari hakuna aliyefuatilia jedwali la viwango, fungu la mitaro likawa dogo, na ilipofika Aprili mtaro haukuonekana tena. Sote tulikuwa tumeshangilia Septemba tukaenda zetu.

---

HesabuZaKisiwani

Kijana wangu, hiki ulichoandika ni bora kuliko maelezo yangu yote. Mama yule alifanya kazi ya mhandisi. Kilichokosekana ni mtu wa kuubeba mtaro ule kutoka karatasi moja kwenda nyingine.

Jinsi ya kuubeba: Septemba hakikisha umo kwenye ADP na nakili maneno yake kama yalivyoandikwa, pamoja na ukurasa. Februari andikia kamati ya bajeti ya bunge la kaunti ukitaja ukurasa huo, na useme kiwango cha idara husika hakitoshi kubeba miradi iliyo kwenye ADP. Hapo unazungumza lugha yao. Mei tafuta maneno yale yale kwenye makadirio. Yakiwa hayamo, uliza kwa maandishi yameondolewa kwa sababu gani. Yakiwemo, usilale pia, kwa sababu katikati ya mwaka huja bajeti ya ziada na mradi unaweza kuondolewa kimyakimya. Kisha soma ripoti za Msimamizi wa Bajeti. Pesa haitoki kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti bila idhini ya afisi yake, na hutoa ripoti za robo mwaka na za mwaka mzima zenye sura ya kila kaunti: mapato yaliyokisiwa na yaliyopatikana, mishahara, maendeleo, madeni. Ziko kwenye tovuti yao bure. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huja baadaye kukagua kama pesa ilifanya kazi.

Kuna vipimo viwili vya kushika kichwani mkisoma sura ya Mombasa. Sheria yataka angalau asilimia 30 ya bajeti, kwa kipindi cha kati, yaani kwa miaka kadhaa ikijumlishwa, iende kwa maendeleo, na kanuni zataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Linganisheni na kilichotumika kweli, achaneni na kilichopangwa.

---

SautiYaTudor

Sheikh, umesema vyema, lakini tusidanganyane. Mambo haya huamuliwa na siasa. Gavana akitaka mradi, utakuwepo. Wewe na daftari lako ni nani?

---

HesabuZaKisiwani

Siasa ipo, ndugu, na bajeti ni siasa kwa asili yake, maana ni kuchagua nani apate kwanza. Ndio nataka na sisi tuwemo kwenye siasa hiyo wakati inafanyika.

Na sheria imetupa kiti mezani ambacho wengi hawakijui. Ni Jukwaa la Bajeti na Uchumi la kaunti. Mwenyekiti ni gavana, wanachama ni mawaziri wake, na idadi sawa na hiyo ya mawaziri ni wawakilishi wasio watumishi wa kaunti, wanaopendekezwa na mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Kazi yake ni kushauriwa kuhusu mipango na bajeti. Je, mwawajua wawakilishi wetu? Imamu wako amjua? Chama cha wafanyabiashara wa soko lako? Mwakilishi asiyejulikana na waliomtuma hana wa kumuuliza alisema nini humo ndani.

---

NuruYaMikindani

Mimi ni mlemavu wa macho, nasoma kwa simu inayonisomea. Hati za bajeti zikipatikana huwa ni picha zilizopigwa za karatasi, simu yangu haisomi kitu. Na lugha ni Kiingereza tupu. Naomba hili lisemwe pia.

---

HesabuZaKisiwani

Limesemwa, dadangu, na ni la kwenda nalo kwa maandishi wewe mwenyewe au kupitia chama chenu, kwa sababu mna kiti kwenye Jukwaa nililolitaja. Hati isiyosomeka haijachapishwa.

---

DadaTimbwani

Haya kaka. Feri nimeiacha. Chumba cha kujifungulia usiku nimekishika, na tumeshazungumza akina mama wa chama chetu. Sasa hizo hati zapatikana wapi? Nikienda afisini naambiwa njoo kesho.

---

HesabuZaKisiwani

Usiende kwa mdomo, dadangu, nenda na barua. Kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza, hulazimiki kueleza sababu, na wana siku 21 za kukujibu. Nenda na nakala mbili, moja wapige muhuri wa kupokea ubaki nayo. Wakikaa kimya, muhuri huo ndio utakaokwenda nao kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya afisi za umma. Nakili hii, badilisha unapotaka:

"Kwa Katibu wa Kaunti, Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kuhusu: ombi la habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Mimi ni mkaazi wa wadi ya Timbwani. Naomba nakala ya mpango wa maendeleo wa mwaka, taarifa ya sera ya fedha ya kaunti pamoja na jedwali la viwango vya idara, na makadirio ya bajeti yenye orodha ya miradi kwa kila wadi, kwa mwaka wa fedha ujao na unaoendelea. Naomba nipewe kwa muundo unaosomeka kwenye simu. Iwapo hati yoyote haijaandaliwa, naomba nijulishwe tarehe itakayokuwa tayari."

Ya bunge mwandikie Karani wa Bunge la Kaunti, maneno ni hayo hayo.

---

DadaTimbwani

Nimeinakili. Twaipeleka tukiwa wengi, kila mmoja na jina lake na nambari yake ya kitambulisho.

---

KijanaWaJunda

Na mimi namtafuta yule mama wa viazi karai. Daftari lake analo bado, nimemuuliza jirani yake.